Agenti anataka niwe tayari saa 24, na mimi nimechoka

Mama mshauri,

Pokea salamu kutoka Kisumu. Tafadhali usiweke jina langu, juu huu mji ni mdogo na sisi watu wa usafi tunajuana.

Nina miaka 36, watoto wawili, na nafanya biashara ya usafi ya kuzunguka. Sina ofisi wala duka, ofisi yangu ni tuktuk. Tuliichukua kwa mkopo mimi na mzee wangu, tunalipa 9,000 kila mwezi, fundi mmoja wa Kibuye akanipigia rafu za mbao huko nyuma na sasa hapo ndio kuna kila kitu, mashine ya kunyonya maji kwa viti, mitungi sita ya lita 20, ndoo, mopu, vitambaa, sabuni, waya ndefu ya stima. Shemeji yangu ndiye anaendesha. Niko na wasaidizi wawili, mmoja ana mapacha wa miaka minne, mwingine ni msichana aliyemaliza shule mwaka juzi.

Hii kazi niliianza 2020 vile corona iliingia na hoteli niliyokuwa nafanyia usafi ikaturudisha nyumbani. Nilikaa miezi mitatu bila hata kibarua cha siku moja. Siku simu ililia mara ya kwanza, mtu amehama nyumba Migosi na mwenye nyumba anataka ikae sawa kabla ya jioni, nilitoka mbio na ndoo ya kuazima kwa jirani. Tangu hiyo siku sijawahi kukataa simu. Watu huku husema yule mama hawezi kukuangusha, na nakwambia ukweli hilo jina nalipenda.

Kazi zangu za mwezi ni ofisi mbili za mjini na kliniki moja upande wa Kondele. Zinaingiza 28,000 na hazinisumbui. Zinazonisumbua ni za dharura, na hizo ndizo karibu nusu ya pesa yangu. Nyingi zinatoka kwa jamaa mmoja agenti wa nyumba za Airbnb, alikuwa na sita, za Milimani na zingine kule juu Riat. Analipa 1,200 kwa nyumba. Wawili wangu wakishikana vizuri nyumba moja inaisha kwa saa moja na nusu. Anapiga tu, mama uko wapi, wageni wanafika saa nane.

Kwa hivyo mimi hukaa tayari. Saa tatu usiku watoto wakishalala naingia kwa tuktuk na tochi ya simu. Napanga vitambaa, bluu vya vioo, kijani vya jikoni, vyekundu vya choo. Najaza mitungi, juu maji ya mfereji yanaweza kupotea siku mbili na ukinunua kwa mkokoteni ni shilingi 20 kwa mtungi. Nashika ndani ya tangi ya mashine nione kama imekauka. Nachaji simu mbili, moja nalala nayo chini ya mto. Wasaidizi nimewaambia wasiende mbali, simu iwe hewani.

Sasa Jumapili moja mwezi uliopita nilikuwa nimeenda Bondo kwa mamangu, sikuwa nimemwona tangu Krismasi. Alikuwa amechinja kuku. Kuku iko jikoni, ugali bado haujasongwa, saa tano hivi agenti akapiga. Nyumba tatu, kuna watu wa harusi wanaingia saa kumi. Nikasema sawa. Hilo neno lilitoka kabla sijafikiria. Mamangu hakusema kitu, alitoa vipande kwa sufuria akaviweka kwa mkebe wa majarini, akafunga na kitambaa, akaniwekea kwa begi akasema nenda mwanangu, kazi ni kazi.

Nilipofika mjini walikuwa kwa nyumba ya pili. Wageni walioondoka waliacha taa ya balkoni ikiwaka usiku kucha na wale wadudu wadogo wa ziwa wakajaa, ukuta mweupe umekuwa mweusi. Msichana badala ya kuwafagia kwanza wakiwa wakavu alipitisha kitambaa cha maji, wakapakaa ukuta wote, kazi ya dakika kumi ikala dakika arobaini. Mama mapacha naye alikuwa chooni, alikuwa amemwaga dawa ya choo, na kwa ile haraka akaongeza Jik juu yake kabla hajavuta maji. Nikaskia kukohoa. Nilipofungua mlango macho yakaanza kuniwasha hata mimi, nikamvuta hadi kwa ngazi akae penye upepo. Tulimpeleka kliniki, wakamwangalia, akapona, lakini siku mbili sauti yake ilikuwa imekwaruza.

Nyumba ziliisha saa kumi na dakika ishirini. Nilipata 3,600. Wasaidizi niliwapa 700 kila mmoja, shemeji 500, petroli 400, sabuni na dawa kama 300, matatu ya kutoka Bondo 300, kliniki 1,150.

Wiki iliyopita agenti akaniita. Ameongezewa nyumba, sasa ni 11. Anataka tuandikiane kwamba zote ni zangu, lakini niwe tayari saa 24, siku saba, na nikipigiwa niwe nimefika kwa saa moja. Bei inabaki 1,200. Anasema nikikataa kuna vijana wamefungua kampuni wanamngojea. Jibu analitaka kabla ya mwisho wa mwezi.

Mzee wangu, ambaye yuko mjengo Eldoret na huja wikendi, anasema tukubali tumalize mkopo. Mama mapacha ameniambia, madam kazi naipenda lakini hii ya mbio itanimaliza. Mimi mwenyewe nikiskia simu imelia moyo unaruka, sijui kama ni furaha ama ni woga. Niseme ndio? Ama nitoke kabisa kwa hizi kazi za dakika ya mwisho? Na kama nitabaki, mtu hukaa tayari namna gani bila kuumiza watu?

Mama wa Tuktuk, Kisumu


Mwanangu Mama wa Tuktuk,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na ya tatu niliisoma na kalamu mkononi juu ya zile hesabu. Kabla ya kuketi hapa Nakuru kujibu barua za watu nilisafisha vyumba vya hoteli miaka mingi, kwa hivyo hayo mambo ya kushika tangi la mashine na mkono usiku, hayo nayajua mwilini.

Vile nimekuelewa, una biashara mbili ndani ya tuktuk moja. Kuna ile ya ofisi na kliniki, inayokuja na siku zake na pesa zake. Halafu kuna ya simu, ambayo imekujengea jina na inalipa mkopo, lakini imekutoa mezani kwa mama yako na imemkwaruza mtu kifua. Sasa mtu amekuja kukuomba uikuze hiyo ya pili karibu mara mbili kwa bei ile ile, na amekuwekea tarehe. Nyumbani mzee anasema ndio, kazini mama mapacha anasema hapana. Wewe uko katikati na simu chini ya mto.

Naomba nianze na hiyo simu. Umeandika hujawahi kukataa hata moja tangu 2020, na mtu aliyekaa miezi mitatu bila kibarua siwezi kumshangaa. Njaa ya wakati ule ilikufundisha kwamba simu ukiiacha haitalia tena. Lakini ni kweli sai? Una ofisi mbili na kliniki, na hao hawakukuchagua juu unafika kwa saa moja, walikuchagua juu kazi yako ni safi na unakuja siku uliyosema. Umewahi kumwambia mtu "leo siwezi, nakuja kesho saa mbili asubuhi" ukaona atasema nini? Sikwambii wote watakubali. Nauliza tu kama umewahi kujaribu, ama ni ile 2020 inakujibia simu.

La pili ni hesabu. Unasema kazi za dharura ni karibu nusu ya pesa yako. Pesa inayoingia ama pesa inayobaki? Nimejumlisha ile Jumapili: wasaidizi 1,400, shemeji 500, petroli 400, sabuni 300, matatu 300, kliniki 1,150. Jumla ni 4,050, na ulipata 3,600. Umetoa 450 mfukoni mwako. Utaniambia kliniki ni bahati mbaya na Bondo ni siku moja, sawa, tuzitoe zote mbili. Inabaki 1,000. Toa 300 ya mkopo wa tuktuk kwa siku, 9,000 ukigawa kwa siku 30. Sasa ni 700 kwa nyumba tatu, na bado hatujahesabu maji ya mkokoteni, wala mashine ambayo siku moja itaungua mota. Hiyo 700 ndiyo mshahara wako wewe, wa kupanga, kukagua, kubeba lawama na kulala nusu usingizi. Ningeomba kabla ujibu mtu yeyote uchukue kitabu ufanye hivyo hivyo kwa kazi kumi za mwisho za huyu agenti. Hata mzee mfanye pamoja akija wikendi, juu nafikiri yeye anaona zile 3,600 tu. Yeye hajakosea kutaka mkopo uishe. Lakini mkopo unalipwa na kinachobaki.

Halafu kuna kitu hujakiandika kama shida ila mimi nimekiona. Hao wawili umewaambia wasiende mbali. Siku simu isipolia, wanalipwa? Kama hawalipwi basi wao ndio wanaolipia huko kuwa tayari kwako, juu siku hiyo mama mapacha hawezi kwenda kufulia mtu nguo wala kuuza omena sokoni. Sisemi hivi kukulaumu, hata sisi hotelini tulikuwa tunaambiwa kaa karibu na mlango wa nyuma, na tulikaa. Lakini nakumbuka vile nilikuwa nahesabu zile saa. Kuna watu wa kazi kama yako humlipa msaidizi kitu kidogo cha siku ya kungoja, tuseme 200, na akiitwa anaongezewa. Wengine hupeana zamu, wiki hii simu ni ya mmoja, mwingine yuko huru kabisa. Yote mawili yanakugharimu, moja pesa, lingine nguvu ya watu siku ya kazi nyingi. Na ukumbuke pia Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mfanyakazi apate angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na kibarua akifanya siku zinazofuatana zikafika mwezi anaanza kuhesabiwa kama wa mshahara wa mwezi. Ukiandikiana siku saba kwa wiki na agenti ukiwa na watu wawili tu, hiyo siku yao itatoka wapi?

Sasa tuje kwa agenti, hapa nataka tukae kidogo.

Nyumba za Airbnb mgeni hakai bila tarehe. Anapoweka nafasi anaandika siku anaingia na siku anatoka. Wale wa harusi waliingia Jumapili, na harusi haipangwi asubuhi ya siku hiyo, na wale walioacha taa ya balkoni siku yao ya kuondoka ilikuwa kwenye simu ya agenti muda mrefu kabla mama yako hajachinja kuku. Wako watu wanaoweka nafasi siku ile ile, sikatai. Lakini nafikiri ukihesabu utaona nyingi za hizo dharura zilikuwa zinajulikana, ila wewe ndiye hukuambiwa. Kalenda ya nyumba za Airbnb inaweza kuunganishwa na kalenda ya simu nyingine kwa linki, inachelewa kidogo kujisasisha ila inatosha kukuonyesha wiki nzima, ama hata bila hiyo akutumie tu meseji kila Jumapili jioni, nyumba namba fulani wanatoka Jumanne, fulani Alhamisi. Haimgharimu kitu. Ukimwomba hivyo na akubali, nusu ya mzigo wako unageuka kuwa kazi ya kawaida bila kupoteza shilingi. Akikataa pia atakuwa amekuambia kitu kuhusu hiyo karatasi anayotaka uweke sahihi.

Na hiyo 11. Wewe mwenyewe umesema nyumba moja ni saa moja na nusu watu wawili wakishikana. Ikitokea siku moja wageni wa nyumba tano wametoka kwa pamoja, hizo ni saa saba na nusu kabla hujahesabu kupanda Riat na kurudi Milimani. Wageni wanatoka saa nne asubuhi, wengine wanaingia saa nane mchana. Mbio haziwezi kutengeneza hizo saa, na mbio ndizo zilimwingiza mama mapacha mle chooni. Kwa hivyo ukitaka kusema ndio, ni ndio ya timu mbili, na timu ya pili inataka mshahara, mafunzo na mopu zake. Kwa 1,200 inawezekana? Mimi kwa hesabu yangu sioni vile, lakini wewe ndiye unajua bei za huko.

Kuna njia ya katikati ambayo nimeona watu wakijaribu. Bei mbili. Nyumba uliyoambiwa siku moja kabla ni 1,200, ya kuambiwa siku hiyo hiyo ni 1,800, na baada ya saa saba mchana hupokei ya siku hiyo. Ama akulipe kitu cha mwezi cha kukaa tayari, nyumba ziwe chafu zisiwe, halafu kila nyumba bei yake. Hatari yake iko wazi, anaweza kuwaita wale vijana. Wanaweza kuwa wazuri, na pia inawezekana baada ya mwezi mmoja akapiga simu yako, siwezi kukuahidi. Hatari ya upande ule mwingine ni kwamba ukikubali zote 11 utaacha kupokea watu wengine, na siku akiondoka anaondoka na kazi zako zote za dharura kwa mara moja.

Umeuliza pia mtu hukaa tayari namna gani, na hapa nitakujibu kama mtu wa kazi. Wewe tayari uko mbele ya wengi, hizo rangi za vitambaa ni kitu hoteli kubwa hufundisha. Ila angalia ni kitu gani kinaweza kungojea na ni nini hakiwezi. Sabuni inangojea. Jik ikishachanganywa na maji haingojei, inapoteza nguvu, kwa hivyo chupa za kunyunyiza zibaki tupu na utengeneze ya siku hiyo tu. Mopu yenye unyevu ikifungiwa ndani ya tuktuk kwa joto la Kisumu itanuka asubuhi, na utapeleka hiyo harufu kwa nyumba ya mtu. Vitambaa vya mikrofaiba usivioshe na dawa ya kulainisha nguo, vinaacha kushika vumbi.

Jik na dawa ya choo, mwanangu, visikae ndoo moja. Nyingi za hizo dawa za choo zina asidi, na asidi ikikutana na Jik inatoa hewa ya klorini, ndiyo iliwachoma macho na kifua. Chagua moja kwa kila choo, ukimaliza vuta maji, fungua dirisha. Waandikie kwa kalamu nene ndani ya mlango wa tuktuk, mahali mtu anaona akichukua ndoo hata kama anakimbia. Na ulizia bima ya wafanyakazi, juu kuna sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, ya 2007 pia, na inamhusu mwajiri hata kama ofisi yake ina magurudumu matatu.

Kuna kazi zingine ambazo maji yenyewe yanakataa. Kochi likioshwa saa tisa mchana halitakauka saa kumi na mbili hata ungekuwa na mashine ya namna gani, na hapo Kisumu mvua nayo inapenda kuja jioni. Mgeni atakalia unyevu na lawama itakuja kwako. Hizo ukikataa humwangushi mtu yeyote. Unaweza kusema viti kesho asubuhi, leo nafanya sakafu, choo na vitanda. Halafu kabla tuktuk iwashwe muulize anayepiga mambo matatu manne, nitumie video ya nyumba, maji yako, tokeni ya stima ipo, nani ana funguo. Nimesikia wengi wanaofika na mashine nzuri wakipata mita imebaki sifuri na mwenye nyumba hapokei simu.

Na zile dharura zingine, za wanaohama na za wageni wa nyumbani, nyingi zina msimu wake ukiziangalia. Watu wanahama mwisho wa mwezi. Huko kwenu mazishi mengi ni Jumamosi na wageni wanaanza kufika Alhamisi. Huku kaunti yetu, Safari Rally tangu irudi kwa mashindano ya dunia 2021 kila mtu Naivasha anajua nyumba zitajaa, tarehe imetangazwa mapema, na bado utasikia mtu anatafuta wa kumsafishia jioni ya kuamkia rali. Nyinyi mlikuwa na AfriCities, ule mkutano wa miji ya Afrika, Mei 2022, na mwaka mmoja kabla Siku ya Madaraka ikaadhimishwa pale uwanja wa Mamboleo, najua unakumbuka. Wiki kama hizo ukae tayari kweli kweli, uongeze mtu wa tatu, uongeze bei. Wiki ya katikati ya mwezi simu inaweza kulala sebuleni.

Kuhusu kutoka kabisa, umeuliza na ni njia halali. 28,000 inajulikana, lakini ukitoa mkopo, wasaidizi na petroli sijui kama inawatosha, na itakubidi utafute ofisi mbili tatu zaidi kabla ufunge huo mlango mwingine. Faida yake ni Jumapili. Hasara yake, na usiidharau, ni kwamba wewe unaipenda hiyo kazi ya simu. Umeniambia mwenyewe kuhusu lile jina. Mtu akipiga amechanganyikiwa na ukafika ukamtuliza, hiyo ni furaha ya kweli na sitaki uitupe ukidhani ni ujinga. Labda kinachokuchosha ni kwamba hiyo furaha haina saa ya kufunga. Kama kuna mwenzako mjini unayemwamini mnaweza kupokezana, Jumapili hii simu zake zije kwako, ijayo zako ziende kwake, ingawa hapo pia kuna hatari ya kastoma kubaki huko, ama kazi ikafanywa vibaya kwa jina lako. Anzeni na nyumba moja mwone.

Sijui utamjibu nini agenti na sitakuchagulia. Ningependa tu kabla hujakutana naye ukae na hao wawili, uwanunulie chai, uwaulize wangetaka siku ya kungoja iwe vipi na ilipwe vipi. Wao wameona mambo ndani ya hizo nyumba ambayo mimi na wewe hatujayaona, na mama mapacha ameshakuambia nusu. Shemeji pia, yeye ndiye anajua Riat saa nane mchana inachukua muda gani.

Huyo mama mapacha, kama bado anakohoa ama anahisi kifua kinabana akipanda ngazi, arudi kwa daktari asingoje, na amweleze wazi kwamba alivuta Jik na dawa ya choo vikiwa vimechanganyika. Niandikie uniambie anaendeleaje.